Mnaonitumia video za seli shina, jibu langu ni hili

Tangu Juni 2025 simu yangu haipumziki. Binamu wa Dar anatuma, mwalimu wangu wa zamani anatuma, kundi la ukoo linatuma na kurudia kutuma: "Kisukari kimepata dawa, wagonjwa waacha sindano!" Chini yake mikono ya dua, na mara nyingi jina langu limetajwa nisije nikapitwa. Nimeona niandike mara moja, ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu niendelee na kazi zangu.

Habari yenyewe, ya wagonjwa waliopandikizwa seli za insulini zilizotengenezwa kutokana na seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote), ni ya kweli. Ni ya kweli kuliko hata wanaoisambaza wanavyodhani, maana wengi wao hawajaisoma. Na pamoja na ukweli wake wote, ningepewa tiba hiyo leo bure, na tiketi ya ndege juu, ningesema asanteni, bado.

Kwa mgeni hapa: nafanya kazi maabara ya hospitali moja mkoani Tanga, na nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili. Hiki sicho kile cha shangazi zetu kinachoanza ukubwani na kutulizwa kwa vidonge na kupunguza wali. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, na ndani ya kongosho kuna vishada vidogo vya seli ambavyo kijana mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akisomea udaktari, Paul Langerhans, aliviona kwa hadubini mwaka 1869 bila kujua vina kazi gani. Ndani ya vishada hivyo zimo seli beta, na hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Kwangu mimi, kinga ya mwili iliyotakiwa kupambana na vijidudu iliwageukia wenyeji. Ilizimaliza. Kwa hiyo asubuhi na jioni nachukua chupa ya insulini ya mchanganyiko, naiviringisha viganjani mpaka ule weupe uliotuama chini uchanganyike, navuta yuniti zangu, nagonga bomba kwa kidole ili viputo vipande juu, najidunga tumboni. Wenzangu kazini hawageuki tena kuangalia.

Insulini imeokoa watu tangu Januari 1922, pale Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa dozi za kwanza. Kabla yake mtoto wa aina ya kwanza alikuwa anakufa tu, na madaktari walichoweza ni kumfunga njaa ili achelewe kidogo. Siwezi kuidharau dawa inayoniweka hai. Lakini sindano haina macho. Haijui kama baada ya kuichoma umekula ubwabwa wa harusi au umekwama Segera basi limeharibika na huna hata biskuti. Seli beta inajua. Inapima sukari ya damu kila wakati, inatoa insulini kiasi kinachotakiwa, na sukari ikishuka inaacha kutoa. Hakuna hesabu yangu ya kichwani inayofikia hapo. Ndiyo maana mtu akisema ametengeneza seli beta mpya, mimi nakaa chini nasoma.

Kabla ya kufika kwenye tiba yenyewe, lakini, tupite sebuleni kwa mama.

Alikuja binti mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi, kapendeza, na mkoba wa kitenge uliojaa vipeperushi. Alikuwa anauza paketi za unga wa zambarau ambao ukikoroga na maji unanukia kama juisi ya kopo. Kwenye boksi imechorwa tofaa, zabibu na ule msokoto wa vinasaba. Alimweleza mama kwamba hizo ni "stem cell", yaani seli shina zenyewe, zile zile za kwenye video, ila zimekaushwa. Kijana akianza dozi apunguze sindano taratibu, kongosho litazaliwa upya. Bei ya boksi moja ilikuwa inatosha stripu zangu za kupimia sukari za miezi. Mama alishaanza kuhesabu nani wa kumkopa.

Nilipofika nikamuuliza yule binti: seli ya tofaa, iliyokaushwa ikawa unga, ikakorogwa, ikapita kwenye tindikali ya tumbo, inafikaje kwenye kongosho ikiwa hai, na ikifika inageukaje kuwa ya binadamu?

"Kaka, wewe umesoma, lakini sayansi imesonga mbele."

"Imesonga kweli, dada. Ila humu kwenye paketi haijafika."

Mama hakufurahi. Alisema nimemvunjia heshima mgeni wake, na pengine ni kweli. Lakini neno "apunguze sindano" silichekei. Mtu wa aina ya kwanza akiacha insulini, ni suala la siku chache damu kujaa asidi. Anatapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbizwa, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, kisha anapoteza fahamu. Hivyo ndivyo nilivyofikishwa hospitali mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na kipimo kikaandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Aliyekaa kando ya kitanda kile ni mama huyu huyu. Kwa hiyo mwenye paketi akikwambia usiache sindano, amekula pesa yako tu. Akikwambia uache, hilo ni jambo jingine, na linastahili polisi.

Sasa ile halisi.

Mwaka 2000 kule Edmonton, Kanada, James Shapiro na wenzake walitangaza kwamba wamechukua vishada vya Langerhans kutoka kongosho za watu waliofariki na kuviingiza kwa mrija katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini la wagonjwa saba. Vishada vilitulia ndani ya ini, vikaanza kazi. Wote saba waliacha sindano. Dunia ilishangilia, halafu hesabu ikagoma: mara nyingi mgonjwa mmoja alihitaji kongosho za marehemu wawili au zaidi, marehemu waliochangia viungo ni wachache, na wengi wa waliopandikizwa walirudi kwenye sindano miaka ilivyopita. Ilithibitika kwamba njia ipo. Kilichokosekana ni mahali pa kupata seli nyingi zisizosubiri msiba wa mtu.

Hapo anaingia Douglas Melton, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huyu alikuwa mtaalamu wa ukuaji wa viinitete vya vyura, mambo yake na kisukari hayakuhusiana. Mwaka 1991 mwanawe wa kiume, Sam, akiwa mtoto wa miezi sita, akaonekana ana kisukari cha aina ya kwanza. Baba akaacha vyura. Miaka kumi baadaye, binti yake Emma naye akapatikana nacho akiwa na miaka 14. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ya Marekani ikabana fedha za utafiti wa seli shina za kiinitete cha binadamu, kwa sababu za dini na siasa, na ikambidi ajenge maabara ya pembeni kwa pesa za watu binafsi, vifaa visichanganyike na vya serikali.

Seli shina zenyewe zilikuwa zimetolewa na kuoteshwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na James Thomson wa Wisconsin, kutoka viinitete vilivyobaki baada ya wazazi kusaidiwa kupata mimba kwa njia ya maabara, wakaviruhusu vitumike kwa utafiti. Sifa yake ni kwamba haijaamua itakuwa nini. Inaweza kuwa moyo, ngozi, neva, chochote. Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu ukiiacha peke yake inakuwa chochote kweli, fujo tupu. Melton na vijana wake walitumia miaka zaidi ya kumi kujifunza kuiongoza kwa kufuata njia ile ile anayoifuata mtoto tumboni: kwanza iwe tabaka la ndani la kiinitete, halafu utumbo mchanga, halafu kongosho changa, halafu seli beta. Kila hatua ina kemikali zake, zinaingizwa siku hii na kuondolewa siku ile. Njia waliyoichapisha Oktoba 2014 ina hatua sita na inachukua zaidi ya mwezi, seli zikielea ndani ya chupa zinazokorogwa mfululizo, mpaka zishikamane kuwa vishada.

Mtu asiyefanya kazi maabara hawezi kuonja ugumu wa sentensi hiyo ya mwisho. Mimi nikiotesha bakteria wa mkojo kwenye sahani kwa siku mbili tu, umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, asubuhi kazi imeharibika. Hawa wanalea seli zaidi ya mwezi, bila kuingia kijidudu hata kimoja, na mwishoni wanazijaribu: wanaongeza sukari kwenye kimiminika waone kama insulini inatoka, wanapunguza waone kama inakoma. Ilitoka. Ikakoma. Melton alianzisha kampuni akaiita Semma, majina ya watoto wake wawili yaliyounganishwa, na mwaka 2019 kampuni ya Vertex ikainunua kwa dola milioni 950. Tiba hiyo sasa inaitwa zimislecel.

Matokeo mnayonitumia ni ya hiyo zimislecel, yalitoka Juni 2025 kwenye jarida kubwa la tiba la New England na kwenye mkutano wa kisukari uliofanyika Chicago. Walikuwa wagonjwa 14. Kumi na wawili kati yao walipata dozi kamili, seli takriban milioni 800 kwa mara moja, kupitia mshipa ule ule wa ini. Baada ya mwaka, 10 kati ya hao 12 walikuwa hawachomi insulini kabisa. Wote 12 kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikuwa chini ya asilimia 7. Kwa miaka yangu yote kliniki, hiyo asilimia 7 naiona kama nyumba za Oysterbay: najua ipo, naipita kwa nje.

Kilichonisimamisha zaidi ni C-peptaidi, na hapa mniruhusu nizungumze kama mtu wa maabara. Seli beta inapotengeneza insulini, inaanza na kipande kirefu kisha inakikata, na kipande kinachobaki ndicho C-peptaidi. Insulini ya chupa haina kipande hicho. Kwa hiyo ukipima damu ya mtu anayejichoma, insulini utaikuta lakini hujui ni ya nani, ya kwake au ya duka la dawa. Ukikuta C-peptaidi, hiyo ni ya kwake, haina mjadala. Kabla ya tiba, wagonjwa wote 14 walikuwa hawana kabisa. Baada yake, wote 14 walikuwa nayo. Mwenye paketi za zambarau aniletee kipimo hicho kabla na baada, nitamnunulia boksi zima.

Sasa mbona nasema bado?

Kwa sababu hizo seli ni za mtu mwingine, na mwili unafukuza wageni. Wagonjwa wale wanakunywa dawa za kushusha kinga kila siku, na wataendelea kuzinywa muda wote wanaotaka seli ziishi. Katika wale 14, wawili walifariki. Mmoja alikuwa na tatizo la ubongo la tangu zamani lililoendelea kuwa baya. Wa pili alikufa kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi.

Niliposoma hilo nikaweka simu chini. Kriptokokasi naijua kwa macho. Ni kuvu anayekaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, wengi wetu tunamvuta puani bila kujua, na kinga yenye afya inamfungia huko huko. Anawapata waliopungukiwa kinga, na huku kwetu hao kwa kawaida ni wagonjwa wa VVU waliochelewa kuanza dawa. Daktari anatuletea maji ya uti wa mgongo kwenye kichupa. Unaweka tone moja kwenye kioo, unaongeza tone la wino wa India, unafunika, unatazama. Uwanja wote unakuwa mweusi tii, na katikati ya weusi huo wanang'aa mviringo, kila mmoja na duara pana jeupe linalomzunguka, kwa sababu gamba lake halipitishi wino. Wanapendeza kuwaangalia, Mungu anisamehe. Halafu unaandika majibu, unayapeleka wodini, na unajua uzito wa karatasi uliyoishika. Siku hizi tuna kijiti cha kupima kinachotoa jibu kwa dakika kumi, lakini wino bado tunautumia.

Kwa hiyo mtu alitafuta kuachana na sindano ya insulini, akafa kwa ugonjwa ninaouona mimi kwenye hadubini ya hospitali ya wilaya. Tena aliuguzwa na watu wenye kila kipimo. Mimi hapa naishi na kifua kikuu jirani, malaria kila masika, na maji ya bomba ambayo lazima uyachemshe. Dawa za kushusha kinga zenyewe zinahitaji damu ipimwe mara kwa mara kuona kiwango chake, kwa sababu zikizidi zinaumiza figo na zikipungua seli zinafukuzwa. Ukiugua kifua kikuu ukapewa rifampisini, ile rifampisini inazishusha dawa hizo kwenye damu, na unaanza kupangua kila kitu upya. Haimaanishi kwamba Tanzania haiwezi. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata 2018, na wagonjwa wao wanaishi na dawa hizo hizo. Lakini aliyepandikizwa figo hakuwa na njia nyingine nzuri. Mimi ninayo. Ninayo chupa, bomba na stripu. Kubadilisha sindano mbili kwa siku na hatari ya kriptokokasi, kifua kikuu na figo, kwa mtu anayesimama vizuri kama mimi, ni biashara ya hasara.

Kuna watu, hata hivyo, ambao hesabu yao ni tofauti, na jaribio lile lilifanywa kwa ajili yao.

Mimi sukari ikishuka mwili unanipigia kelele. Kwanza midomo inakufa ganzi, kisha jasho la baridi mgongoni, kisha mikono. Nikiwa kwenye hadubini najua kwa sababu naanza kuhesabu seli zile zile mara mbili na hasira zinanipanda bila sababu. Naacha kila kitu, natia mkono mfukoni mwa koti, nakula glukosi, na msimu wa machungwa ya Muheza namenya chungwa hapo hapo nje ya mlango. Robo saa nimerudi. Lakini kuna watu wamekaa na ugonjwa huu miaka mingi mpaka mwili umeacha kupiga kelele. Tupo na jamaa mmoja kliniki, dereva wa bodaboda, sukari imeshuka mpaka 2.1 na anakuchekea, anakusimulia habari za Simba na Yanga. Halafu anaanguka. Ameshaangukia kwenye kalvati na abiria nyuma. Mkewe anaamka usiku kumgusa kama ana jasho. Waliochaguliwa kwenye jaribio lile wote walikuwa watu wa aina hiyo, walioshuka vibaya mara kwa mara bila kuhisi, na baada ya tiba hakuna aliyepata dozi kamili aliyeanguka tena hivyo katika kipindi kile kilichopimwa. Huyo jamaa akiniuliza kama akubali, sitamwambia bado. Nitamwambia akae na mkewe na daktari wakokotoe, na nitamsindikiza.

Kwa sisi wengine, swali lililobaki halihusu tena kutengeneza seli. Hilo wameliweza. Swali ni kinga. Ukimpandikizia seli beta mpya mgonjwa wa aina ya kwanza, umepanda mchicha kwenye shamba lile lile ambalo mbuzi aliula wa kwanza na bado hajafungwa.

Watu wamejaribu kuuzungushia mchicha uzio. Kampuni ya ViaCyte ya San Diego ilianza mwaka 2014 kuweka seli changa ndani ya vifuko bapa chini ya ngozi, tundu zake zikiwa ndogo kiasi cha kupitisha sukari na insulini lakini si seli za kinga. Wazo zuri mno. Mwili ukavifunika vifuko kwa makovu, na seli ndani zikakosa hewa ya oksijeni. Vertex nao walikuwa na kifuko chao, na Machi 2025 walitangaza kwamba wanaachana nacho kwa sababu insulini iliyotoka haikufikia kiasi cha kumsaidia mgonjwa.

Wachina wakaja kwa njia nyingine: kwa nini tusitumie seli za mgonjwa mwenyewe? Shinya Yamanaka wa Japani alishaonyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya mtu mzima inaweza kurudishwa utotoni ikawa kama seli shina, akapata Nobeli 2012. Deng Hongkui wa Chuo Kikuu cha Peking alitafuta njia ya kuirudisha kwa kemikali tupu. Juni 2023 hospitalini Tianjin walichukua seli zilizotokana na mafuta ya mwili ya dada mmoja wa miaka 25, wakazifanya vishada vya kongosho, wakamrudishia chini ya utando unaofunika misuli ya tumbo badala ya ini. Siku 75 baadaye akaacha insulini. Video yake nimetumiwa mara nyingi kuliko zote. Kinachoachwa kwenye video ni kwamba dada huyo alishapandikizwa ini kabla, kwa hiyo tayari alikuwa kwenye dawa za kushusha kinga. Hatuwezi kujua mbuzi angefanya nini kama asingefungwa. Na kwa aina ya kwanza mbuzi hajali seli ni za nani, maana zile alizoziua mwanzo zilikuwa zangu mimi mwenyewe.

Shangazi yangu, ambaye kisukari chake ni cha aina ya pili, ananiuliza na yeye je. Yupo mzee mmoja Shanghai mwenye aina ya pili aliyetengenezewa seli kutokana na damu yake, akaacha insulini wiki 11 baada ya kupandikizwa mwaka 2021. Huyo naye alikuwa amepandikizwa figo na anakunywa dawa zile zile. Shangazi, kwa sasa vidonge vyako vya metfomini, miguu yako uikague, na chapati mbili badala ya nne.

Ninayemwangalia mimi yuko Uppsala, Sweden. Desemba 2024, bwana wa miaka 42 mwenye aina ya kwanza tangu utotoni alidungwa seli za kongosho kwenye msuli wa mkono, chini ya kiwiko. Seli zilitoka kwa marehemu aliyechangia, lakini kabla ya kudungwa zilihaririwa vinasaba. Wakazima vile vitambulisho viwili vinavyoiambia kinga "huyu mgeni", kisha wakaongeza protini iitwayo CD47, ambayo huzuia seli za ulinzi zinazomeza wavamizi. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Hata kidonge kimoja. Wiki 12 baadaye seli zilikuwa hai na C-peptaidi ilikuwa inapanda akila. Na kwenye mchanganyiko ule ule zilikuwemo seli ambazo uhariri haukukamilika. Hizo kinga ilizishambulia ikaziua. Yaani mkono mmoja, siku moja, jaribio na kilinganishi chake pamoja. Ripoti ilitoka Agosti 2025, na ndiyo karatasi niliyoichapisha nikaibandika kabatini kazini, juu ya ratiba ya zamu.

Msinielewe vibaya, bwana yule bado anajichoma. Dozi ilikuwa ndogo makusudi, kuona usalama kwanza. Na ni mtu mmoja. Kinachofuata ni kuunganisha mambo mawili: uhariri wa Uppsala ufanywe kwenye seli shina za aina ya Melton, zinazoweza kuzalishwa kwa mamilioni bila kusubiri marehemu. Kampuni zinalifanyia kazi hilo sasa. Wana la kujibu: seli iliyofichwa macho ya kinga ikigeuka kuwa saratani, itaonekana na nani? Swali hilo ni gumu na sijaona likijibiwa kwa miaka ya kutosha.

Wakati wanajibu, kliniki yetu kuna watoto wanapimwa sukari mara moja kwa siku kwa sababu stripu hazitoshi, na kuna nyumba insulini inahifadhiwa kwenye chungu cha maji kwa kukosa friji. Nikipewa kuchagua leo mradi wa kuleta, ni stripu na vihisi vya kubandika mkononi vinavyolia sukari ikishuka, kimoja kwanza kwa yule dereva wa bodaboda. Mama naye nimemwambia ile pesa aliyotaka kukopa aiache. Amekubali shingo upande, ingawa boksi moja nimeliona juu ya kabati lake na amesema ni la kunywea yeye, la magoti.

Kwa hiyo endeleeni kunitumia, ila mnisaidie kuchuja. Kabla hujabonyeza, tafuta mambo matatu kwenye hiyo habari: mgonjwa ana aina gani ya kisukari, anakunywa dawa za kushusha kinga au hapana, na amepita mwaka au wiki. Siku mtakaponitumia mtu wa aina ya kwanza, hachomi insulini, hana kidonge cha kinga, na ametimiza mwaka, nitaanza kuulizia nauli ya Sweden.